Michezo ya Darasani Yafundisha Kuendeleza Maneno ya Kiingereza

Wazazi wengi wa Donholm, Umoja na mitaa mingine ya mashariki ya Nairobi huona fahari mtoto anapoanza kusema Kiingereza. Lakini mtoto huyo akiambiwa aandike yale aliyoyasema, aghalabu kalamu husimama. Kusema ni jambo moja. Kuendeleza maneno, yaani kutaja au kuandika herufi zake kwa taratibu iliyo sawa, ni jambo jingine. Tena mtihani huandikwa, na barua ya kuomba kazi huandikwa pia. Kwa hiyo yafaa tueleze njia moja nyepesi ya kuwasaidia watoto, nayo ni michezo.

Kwa nini Kiingereza ni kigumu?

Mtoto ajuaye Kiswahili amezoea kuandika kama asikiavyo. Kiingereza sivyo. Kina herufi 26, lakini sauti zake zapata 44 hivi, basi herufi moja hufanya kazi nyingi. Tena William Caxton alipoanza kupiga chapa vitabu katika Uingereza mwaka 1476, maneno mengi yaliandikwa kama yalivyotamkwa zamani. Matamshi yakabadilika, maandishi yakabaki. Ndiyo sababu neno "knife" lina k ambayo hakuna aisemaye leo.

Hata jina la mtaa wetu lafundisha jambo hili. Barabara ya Jogoo iliitwa zamani Doonholm Road, kwa jina la shamba la Mzungu lililokuwa upande huo. Jina la shamba lilikuwa na o mbili. Mtaa wa leo huandikwa kwa o moja. Na ile l, wengi huiandika bila kuitamka. Ikiwa jina la nyumbani lina mambo hayo, je, maneno ya mbali?

Faida ya mchezo

Tuhesabu kidogo. Darasa lina watoto 60 na kipindi ni dakika 30. Mwalimu akimwuliza kila mtoto peke yake, kila mmoja hupata nusu dakika tu, na muda uliobaki husikiliza au husinzia. Lakini akiwagawanya katika vikundi 15 vya watoto wanne, kila mtoto hupata zaidi ya dakika saba za kufikiri na kutaja herufi mwenyewe. Hapo ndipo neno huingia moyoni, kwani kilichotafutwa kwa bidii hakisahauliki upesi.

Njia hii si ngeni Kenya. Mwaka 1957 idara ya elimu ilianzisha katika Nairobi kituo kilichoitwa Special Centre, ili kufundisha watoto wadogo kwa Kiingereza kwa njia ya picha, nyimbo na vitendo. Kazi ilianza katika shule za Waasia, na katika miaka ya 1960 ikaenea shule nyingi za Waafrika. Ilifaa palipokuwa na mwalimu aliyejiandaa. Palipokosekana mafunzo na vifaa ilidhoofika. Basi tukumbuke kwamba mchezo hauondoi kazi ya mwalimu, bali huiongeza.

Michezo mitatu

Wa kwanza ni wa vifuniko vya soda. Kusanyeni vifuniko 100 na kuandika herufi moja juu ya kila kimoja. Msiziandike kwa idadi sawa. Alfred Butts, Mmarekani aliyebuni mchezo wa Scrabble katika miaka ya 1930, alihesabu herufi katika magazeti ili kujua zipi hutumika sana. Kwa hiyo mchezo wake una e 12, a tisa na i tisa, lakini q ni moja tu. Kila mtoto huchukua vifuniko saba na kujaribu kuunda neno. Akiliunda, alisome, aseme maana yake, kisha alitie katika sentensi. Bila hayo hapati alama. Mchezo huu si wa kitoto: mwaka 2017 mashindano ya dunia ya Scrabble ya Kiingereza yalifanyika papa hapa Nairobi.

Wa pili ni wa jogoo. Mwalimu huchora vistari ubaoni, kimoja kwa kila herufi ya neno alilolificha. Watoto hutaja herufi. Iliyo sawa huandikwa mahali pake. Kila isiyokuwamo huongeza kiungo cha jogoo: kichwa, shingo, mwili, mabawa, mkia, miguu. Jogoo akikamilika kabla ya neno kujulikana, amewika, na darasa limeshindwa. Mahali pengi huchorwa mtu anyongwaye, lakini jogoo afaa zaidi kwa watoto wadogo.

Wa tatu ni wa maneno ndugu. Kiswahili kimepokea maneno mengi ya Kiingereza: penseli, blanketi, tiketi, basi. Andikeni neno la Kiswahili katika kadi moja na la Kiingereza katika nyingine, kisha watoto watafute jozi. Mtoto ataona mwenyewe kwamba s ya penseli imekuwa c katika "pencil", na kwamba a ya basi imekuwa u katika "bus".

Asiaibishwe mtoto

Katika Marekani mashindano ya taifa ya kuendeleza maneno yalianza mwaka 1925, na sheria yake yajulikana: akoseaye hutoka. Kwa mashindano ni sawa, lakini kwa darasa si sawa. Mtoto dhaifu hutoka kwanza, akakaa kutazama wenzake, na hali yeye ndiye ahitajiye mazoezi kuliko wote. Afadhali akoseaye aonyeshwe neno lililo sahihi, abaki mchezoni, na apewe neno lile lile tena baada ya zamu tatu.

Wazee wengi wa Kenya wakumbuka monto, kile kitu alichovishwa mtoto shuleni kwa kosa la kusema lugha ya mama yake. Wako waliojifunza Kiingereza kwa njia hiyo, lakini wako pia waliojifunza kunyamaza. Mtoto aliyenyamaza hawezi kusahihishwa, kwa sababu kosa lake halisikiki.

Neno kwa wazazi

Mzazi asiyejua Kiingereza asidhani hana msaada. Herufi za Kiingereza karibu zote ni zile zile za Kiswahili, isipokuwa q na x, na c ambayo Kiswahili hukiandika pamoja na h tu. Shika kadi mkononi, mwambie mtoto ataje herufi, nawe fuata moja moja. Maneno matano kwa juma yatosha. Kwa majuma 30 ni maneno 150. Tafuteni pia maneno juu ya pakiti ya unga, mkebe wa mafuta na mabango ya barabarani.

Na mtoto akirudi nyumbani akisema, "Leo tulicheza," usikasirike kwamba ada yako imepotea. Mwulize, "Mlicheza neno gani?" Kisha mpe karatasi aliandike.