Kukosoa kwa Kujenga: Programu Huria na Wajibu wa Kurekebishana Kidugu

Simu nyingi zinazotumiwa Nachingwea na Ruangwa, ya mkulima anayeulizia bei ya korosho mnadani na ya katekista anayeandaa masomo ya Dominika, zimebeba kazi ya watu ambao hatujapata kuwaona. Mfumo wa Android umejengwa juu ya kiini cha Linux, programu iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi mjini Helsinki. Tangu hapo maelfu ya watu wameiongezea na kuirekebisha, nayo hutolewa bure kwa kila anayeihitaji. Kazi ya namna hii huitwa programu huria: msimbo wake uko wazi, na leseni yake inamruhusu mtu yeyote kuitumia, kuichunguza, kuibadilisha na kuwagawia wengine.

Kanisa nalo linanufaika na zawadi hii. Ofisi ya parokia inaweza kuandika barua na orodha za waamini kwa LibreOffice bila kulipia leseni. Takwimu za wagonjwa, wajawazito na chanjo zinazotoka katika vituo vya afya, vikiwemo vya Kanisa, huingizwa katika DHIS2, programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norwei, na ambayo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameshiriki kuistawisha hapa nchini. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa tafsiri ya Kiswahili ya OpenOffice, iliyoitwa Jambo OpenOffice.

Hakuna kazi ya mikono ya binadamu isiyo na kasoro. Mkristo anapokutana na kasoro katika kitu alichopewa bure, aseme nini, amwambie nani, na kwa maneno gani? Jibu letu ni kwamba zawadi haimwondolei mpokeaji wajibu wa kusema kweli. Inamwongezea wajibu wa kuisema kwa namna inayomwezesha mtoaji kuendelea na kazi yake.

Kunyamaza nako kuna gharama

Wapo wanaodhani kwamba kitu cha bure hakikosolewi, na kwamba kunyamaza ni shukrani. Watu wa Nachingwea wana sababu ya kulitilia shaka wazo hilo. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga Kongwa, Urambo na hapa Nachingwea, kwa kutegemea taarifa iliyoandaliwa ndani ya muda mfupi mwaka uliotangulia. Mipango ilitangulia maarifa. Kongwa, mvua hazikutosheleza na udongo ulikauka ukawa mgumu usiochimbika kwa urahisi. Mapema mwaka 1951 mradi uliachwa, baada ya kutumia takribani pauni milioni 36. Hata reli iliyojengwa kutoka Mtwara hadi Nachingwea iling'olewa baadaye.

Maarifa ya wanaoijua ardhi na majira yake yasipopewa nafasi mapema, hasara huja kusema yenyewe, tena kwa bei kubwa. Ndivyo ilivyo hata katika programu. Mhandisi aliyeko Oslo hawezi kujua kwamba mtandao wa zahanati fulani hukatika fomu ikiwa haijamalizika kujazwa, mpaka anayeijaza amweleze. Muuguzi akigundua kuwa sehemu moja ya fomu hailingani na kitabu cha MTUHA kilichoko mezani kwake, kisha akanyamaza, takwimu za chanjo zitapotoka, na watakaoumia ni watoto. Wahenga walionya kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Anayetupenda anahitaji kusikia kutoka kwetu pia yale yasiyopendeza.

Maneno yaliyomchosha mtoaji

Upande wa pili una hatari yake, na mfano wake si wa kubuni. Ipo programu ndogo iitwayo XZ Utils, inayobana mafaili ili yachukue nafasi ndogo. Imo katika kompyuta nyingi zinazoendesha huduma za intaneti duniani. Kwa miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja, kwa kujitolea, bila malipo. Mwaka 2022 alianza kupokea jumbe zilizomlaumu kwa uzito wa kazi na kumtaka aachie wengine. Alijibu kwamba alikuwa na matatizo ya afya ya akili, na akakumbusha kuwa kazi ile haikuwa ajira. Lawama ziliendelea. Wengi waliolichunguza jambo hilo baadaye wanaamini kwamba baadhi ya majina yaliyotumika kumlaumu yalikuwa ya bandia.

Katika uchovu huo alimkaribisha msaidizi aliyeonekana mwema na mwenye bidii. Baada ya kujijengea imani, msaidizi huyo aliingiza kwa siri katika programu mlango wa kuwawezesha wavamizi kuzitawala kompyuta za watu. Siku ya Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi 2024, hila hiyo iliwekwa hadharani kabla haijaenea sana. Aliyeigundua, Andres Freund, mhandisi katika kampuni ya Microsoft, alikuwa ameona kwamba kuingia katika kompyuta aliyokuwa akiijaribu kulichelewa kwa takribani nusu sekunde, akafuatilia sababu.

Tuutazame mwenendo wake. Hakukimbilia kupiga kelele. Alipima, akakusanya ushahidi, akawaarifu kwanza kwa faragha wahusika wa usalama walioweza kuchukua hatua, ndipo jambo likatangazwa kwa faida ya wote. Hakumpelekea taarifa mtunzaji wa programu, kwa kuwa ilionekana kwamba uovu ulikuwa umeingia kupitia mikono ya watunzaji wenyewe. Katika kisa hiki kimoja tunaona ukosoaji wa aina mbili. Mmoja ulimwelemea mtu hata akamfungulia mwizi mlango; mwingine uliziokoa kompyuta za watu wasiohesabika.

Utaratibu wa Injili

Katika Mathayo 18:15-17 Bwana wetu anaagiza kwamba ndugu akikosa aendewe kwanza peke yake. Asiposikia, wachukuliwe mashahidi mmoja au wawili. Na mwisho ndipo Kanisa liambiwe. Hitilafu ya programu si dhambi, wala aliyeitengeneza si mkosefu kwa sababu hiyo. Hata hivyo utaratibu huu una hekima inayofaa kila mahali ambapo mtu anamwonyesha mwenzake upungufu, kwa maana lengo alilolitaja Bwana ni kumpata ndugu. Kushinda hoja hakukutajwa.

Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba kurekebishana kidugu ni tendo la upendo, na kwamba kwa kosa la siri, onyo la faragha hutangulia la hadhara. Mtume Paulo anawataka Waefeso waishike kweli katika upendo (4:15), na anawataka Wagalatia wamrejeze aliyeanguka kwa roho ya upole, kila mmoja akijiangalia mwenyewe (6:1). Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2477 na 2478, inatukataza kumhukumu jirani bila msingi wa kutosha, na inatualika kuyapokea mawazo, maneno na matendo yake kwa tafsiri njema kadiri inavyowezekana. Anayeandika kwamba watengenezaji ni wavivu, ilhali hajui wako wangapi wala wanaishije, amekwisha kutoa hukumu hiyo isiyo na msingi.

Namna ya kukosoa

Kwanza, tuhakikishe tatizo ni la programu kweli. Pengine umeme ulikatika kabla ya kuhifadhi kazi, pengine toleo tulilonalo ni la zamani, au pengine maelezo ya matumizi hayajasomwa. Tuangalie pia kama mwingine amekwisha kuliarifu, tusiwaongezee kazi ya kujibu jambo lilelile mara kumi.

Pili, tueleze kilichotokea badala ya hasira yetu. Karani wa parokia aweza kuandika: "Programu yenu ni mbovu, imenipotezea siku nzima." Msomaji wa maneno hayo hana la kufanya isipokuwa kuhuzunika. Lakini karani huyohuyo aweza kuandika: "Asanteni kwa kazi yenu. Ninatumia toleo hili, kwenye kompyuta ya aina hii. Nikichapisha orodha ya wabatizwa yenye safu saba, safu ya mwisho hukatwa. Nilitarajia zote zionekane. Nimejaribu mara tatu, na matokeo ni yaleyale. Naambatisha mfano." Katika mfano huo majina ya waamini yaondolewe, kwa sababu siri za watu si zetu kuzitoa. Taarifa kama hii humfikisha mtengenezaji mahali penye kasoro.

Tatu, jambo moja liandikwe katika taarifa moja, na liletwe kwa wanaohusika. Kasoro inayohatarisha usalama wa watu isitangazwe kwanza. Ipelekwe kwa faragha, ili irekebishwe kabla waovu hawajaitumia.

Nne, tutoe kile tulichonacho. Asiyejua kuandika msimbo anaweza kujaribu toleo jipya na kurudisha majibu. Mwalimu wa Kiswahili anaweza kuonyesha neno la tafsiri lisiloeleweka na kupendekeza linalotumika. Anayeishi Ruangwa akiona kijiji kimewekwa mahali pasipo pake katika OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa mwaka 2004, anaweza kujiandikisha na kukirekebisha mwenyewe, kwa sababu yeye ndiye anayekijua.

Tano, tukubali kwamba ombi letu linaweza kukataliwa. Aliyetoa bure hajawa mtumishi wetu. Leseni huria inamwachia asiyeridhika uhuru wa kuichukua kazi hiyo na kuiendeleza kwa namna nyingine, pasipo ugomvi.

Anayekosolewa naye asikilize

Wajibu huu una pande mbili. Mnamo Septemba 2018 Linus Torvalds mwenyewe, aliyejulikana kwa maneno makali dhidi ya kazi za wenzake, aliomba radhi hadharani, akajitenga na uongozi wa kazi kwa muda ili ajifunze kuelewa hisia za watu. Wakati huohuo jumuiya ya Linux ilipitisha kanuni mpya za mwenendo. Hakuacha kukataa kazi zisizofaa, na hakuna aliyemtaka aache. Kilichotakiwa ni kwamba kazi ikataliwe bila kumdhalilisha aliyeileta.

Hapo tunajiona sote. Viongozi wa kigango, wanakwaya na watunza hesabu wa Jumuiya Ndogo Ndogo nao hujitolea jioni baada ya shamba, nao hukosea. Mara nyingi huwa wa mwisho kusikia kasoro zao, zikiwa zimekwisha kuzunguka katika simu za kijiji kizima. Kabla ya kutuma maneno yetu, iwe kwa mhandisi wa mbali au kwa mweka hazina wa jumuiya, tujiulize: akimaliza kuyasoma, atajua la kurekebisha, na atabaki na nguvu ya kulirekebisha? Ikiwa sivyo, tuyaandike upya. Roho Mtakatifu, mwalimu wa kweli na chemchemi ya upendo, atujalie kuvishika vyote viwili kwa pamoja.