Adhabu ya kufyeka nyasi

Juni 2013, vijana kadhaa walifikishwa kituo cha polisi huko Busia, magharibi mwa Kenya. Walikuwa wamembaka kwa zamu msichana wa miaka 16 aliyekuwa akitoka matangani, kisha wakamtupa kwenye shimo la choo. Polisi waliwaamuru wafyeke nyasi kituoni. Walipomaliza, wakaachiliwa.

Aliyesoma shule ya msingi Kenya anaijua adhabu hiyo. Hupewa mtoto aliyechelewa paredi. Hao askari hawakuitoa sheriani, kwani Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inaagiza kifungo kisichopungua miaka 15 kwa wanaobaka kwa kundi. Waliitoa walikolelewa, ambako ubakaji ni utukutu wa vijana, tena utukutu ambao huenda binti mwenyewe aliuchokoza. Alikuwa anatembea na nani? Mbona usiku?

Wala si askari peke yao. Julai 1991, wavulana wa shule ya St. Kizito, Meru, walivamia bweni la wasichana. 19 walikufa na 71 wakabakwa. Magazeti yalimnukuu naibu wa mwalimu mkuu, mwanamke, akieleza kuwa wavulana hawakukusudia kuwadhuru wenzao, walitaka kuwabaka tu. Nadhani mama huyo hakuwa katili. Alisema lililokuwa likisemwa sebuleni kwa watu wengi.

Hata majaji walikuwa na lao. Kwa miaka mingi neno la mwanamke aliyebakwa halikutosha kortini bila ushahidi wa kuliunga mkono, eti wanawake huzua. Aliyeporwa simu hakuwekewa sharti hilo. Mwaka 2003, katika kesi ya Mukungu, Mahakama ya Rufaa ilisema huo ni ubaguzi.

Kesi ya Busia ilifufuliwa na kelele za watu: sahihi zaidi ya milioni moja zilikusanywa, na 2015 watatu wakafungwa miaka 15.

Ila kesi nyingi hazipati kelele hizo. Wazee huketi kupatanisha familia, kikao ambacho kaskazini huitwa maslaha, na mama wa binti huulizwa kama kweli anataka kumharibia kijana wa watu maisha. Kisheria, polisi na wazee hawana mamlaka ya kuifunga kesi ya namna hii. Uamuzi ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Lakini mbuzi wa fidia wakishapokewa, shahidi haonekani tena kortini, na baada ya kuahirisha mara kadhaa hakimu huifuta.