Jipu la Unyayo kwa Kuku: Kwa Nini Hurudi Baada ya Dawa

Katika kaya nyingi za Songea, kuku wa nyuma ya nyumba ni akiba: yai la mtoto, kitoweo cha mgeni, daftari la mwanafunzi. Kuku anapoanza kuchechemea, wapo wafugaji wanaofungua kapsuli za binadamu, zile za rangi mbili, na kuzimwaga katika maji ya kunywa. Kuku huonekana kupata nafuu, kisha uvimbe hurejea.

Ugonjwa huu huanzia kwenye mchubuko mdogo wa unyayo. Hapo huingia bakteria, hasa Staphylococcus aureus, ambaye pia husababisha majipu kwa binadamu. Usaha wa ndege haumiminiki kama wetu. Huganda ukawa donge gumu la manjano. Dawa husafiri kwa njia ya damu, nayo damu haifiki ndani ya donge. Kwa hiyo bakteria waliojificha humo hunusurika, na wale wenye usugu ndio hubaki na kuzaliana.

Sababu ya pili ni kwamba kilichochubua unyayo hubaki palepale. Msimu wa mvua, tangu mwishoni mwa Novemba hadi Aprili, sakafu ya banda hulowa. Kichanja chenye kingo kali au kilicho juu mno huumiza miguu kila kuku anaporuka. Aidha, mahindi meupe hayatoi vitamini A ya kutosha kuimarisha ngozi.

Matibabu yaanze mapema. Mtenge kuku, vaa glovu, loweka mguu katika maji ya uvuguvugu yenye chumvi kwa dakika 10, ukaushe, upake iodini, kisha ufunge bandeji safi na kuibadilisha kila baada ya siku 2. Usikamue wala kupasua. Donge lililozama liondolewe na mtaalamu wa mifugo, ambaye ndiye pia ataamua kama antibiotiki inahitajika. Wakati huohuo, weka maranda makavu, shusha kichanja na ulainishe kingo zake, ongeza mchicha au majani ya maboga katika lishe.

Jambo hili linatugusa sisi wa hospitali. Mwaka 2009, watafiti wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Edinburgh walionesha kwamba aina ya Staphylococcus aureus iliyoenea kwa kuku ilitoka kwa binadamu. Mpaka kati ya banda na nyumba, basi, ni mwembamba. Tena, mabaki ya dawa huweza kuingia katika mayai na nyama; uliza muda wa kusubiri kabla ya kula au kuuza.

Mhudumu wa afya, unapompokea mgonjwa mwenye jipu linalojirudia au kidonda cha mkono, muulize kuhusu mifugo na dawa anazoipa. Nawe mgonjwa wa kisukari, au mwenye kidonda kibichi, mwachie mwingine kazi ya kumsafisha kuku. Kapsuli uliyoandikiwa ni yako; imalize kama ulivyoelekezwa, usiibakizie banda.