WENYEJI WA SHAMBA NAMBA 17

Nyumba huchorwa na fundi, lakini heshima yake huletwa na waliokaa ndani yake. Atakaye ushahidi wa neno hili na aende Nachingwea, aulize habari za Shamba Namba 17.

Mwaka 1946, Waingereza wakiwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita, serikali yao ilimtuma Bwana John Wakefield na wenzake wawili kuja kuchagua ardhi ya kulima karanga. Walikaa Afrika Mashariki majuma tisa tu, na sehemu kubwa ya nchi waliitazama kutoka angani. Ndipo ukachorwa mpango wa mashamba 107, kila moja eka 30,000. Nachingwea ikawa mojawapo ya mahali palipochaguliwa, pamoja na Kongwa na Urambo. Reli kutoka Mkwaya, karibu na Lindi, ikafika Nachingwea mwaka 1949.

Lakini ardhi haisomi karatasi. Mitambo iliharibika, mvua haikufuata hesabu za ofisini, na mwezi Januari 1951 mpango ukavunjwa, pauni milioni 36 zikiwa zimepotea. Bandari ya Mtwara ilipofunguliwa mwaka 1954, karanga zilizongojewa hazikuwapo tena. Mabaki ya mali yakakabidhiwa Shirika la Kilimo la Tanganyika mwaka 1955. Reli nayo ikang'olewa katika miaka ya 1960.

Hivyo mwenyeji wa kwanza alikwenda zake. Mwaka 1965 Tanzania huru ikawakaribisha wenyeji wengine: wapiganaji wa FRELIMO, waliokuwa wameanza vita vya kuikomboa Msumbiji mwezi Septemba 1964. Shamba lililokusudiwa kujaza vikaango vya Ulaya likageuka chuo cha ukombozi. Wapiganaji walijenga, walilima chakula chao, walisoma na kujifunza silaha. Mwaka 1967 wanawake nao, akiwamo Josina Muthemba, walipata mafunzo ya kijeshi hapo. Na mwezi Mei 1975 Samora Machel aliondoka Nachingwea, akavuka Ruvuma, akapita nchi yake yote hadi kusini, ambako uhuru ulitangazwa tarehe 25 Juni.

Ndugu msomaji, tazama tofauti. Mwenyeji wa kwanza alikuwa na fedha, mitambo na ramani, akashindwa katika miaka minne. Wa pili alikuja mikono mitupu, lakini alijua analolitaka na alipokewa na wananchi kama ndugu; akakaa miaka kumi, akaondoka na nchi yake.

Leo jina la Farm 17 limebaki katika shule ya sekondari. Lakini jina peke yake halisimulii. Wazee wa Nachingwea na Ruangwa waliokata miti ili karanga zilimwe, na waliogawana chakula na wapiganaji, wanapungua kila mwaka. Wanafunzi na wapewe daftari, wawaendee wazee hao, waandike. Urithi usioandikwa huzikwa pamoja na mwenyewe.