Ziwa la Ndakaini Hulindwa Mashambani

Watu wengi wa Kahawa Sukari na Ruiru huamka alfajiri kwenda kazini Nairobi. Maji wanayoyakuta huko katika bomba, sehemu iliyo kubwa, hutoka katika ziwa ambalo wengi wao hawajaliona. Ziwa hilo halikuumbwa na maumbile bali na watu. Liko Ndakaini, katika Gatanga ya Murang'a, chini ya milima ya Nyandarua, mahali ulipozibwa mto Thika. Ukuta wake ulimalizika mwaka wa 1994, nalo laweza kuweka mita za ujazo milioni 70.

Watu hudhani kwamba adui wa ziwa ni jua peke yake. Lakini kuna adui mwingine, nao ni udongo. Mvua za masika zinyeshapo juu ya shamba la mteremko lisilo na matuta wala majani, huchukua udongo wa juu wenye rutuba na kuupeleka mtoni, na mto hugeuka mwekundu. Udongo huo hutua chini ya ziwa, na kila debe la udongo hukalia nafasi ya debe la maji. Tena maji yenye tope yafikapo mtambo wa Ng'ethu huhitaji shabu nyingi zaidi ili yatakate, na gharama hiyo mtu wa mjini huilipa. Udongo upitao mbali zaidi huingia Tana na kujaza bwawa la Masinga, lenye kusaidia kuleta umeme. Basi mkulima wa juu hupoteza mbolea, na mnywaji wa chini hupoteza maji. Hasara yao ni moja.

Wazee wa Kikuyu hawakuwa na vipimo vya kisasa, lakini walikuwa na mwiko wa mugumo. Mti huo ulikuwa mahali pa sala na sadaka, na haukukatwa wala kuokotwa kuni chini yake. Marehemu Profesa Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe katika Nyeri mwaka wa 1940, kwenye milima hiyo hiyo ya Nyandarua, alieleza jinsi mama yake alivyomkataza kuokota kuni za mugumo kwa kuwa ni mti wa Mungu. Karibu na mti huo palikuwa na kijito alichochezea utotoni. Alipoondoka 1960 kwenda Marekani kusoma, mti ulikuwapo. Baada ya kurudi, alikuja kukuta umekatwa ili pandwe chai, na kile kijito kimekauka. Ndipo, akiwa sasa mtaalamu wa sayansi ya viumbe, alipofahamu kwamba mizizi ya mugumo hupenya mwamba hata kwenye maji ya chini na kuyafungulia njia ya kupanda, na pia hushika udongo wa kilima usiporomoke. Mwiko ule ulikuwa sheria ya maji, ingawa haukuitwa hivyo. Mwaka wa 1977 alianzisha Green Belt Movement, na vikundi vya wanawake vikaotesha miche vijijini. Miti iliyopandwa imepita milioni 50.

Wala kuchimba matuta si jambo geni Murang'a. Serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu kuyachimba, na mzigo mkubwa uliwaangukia wanawake, mpaka katika miaka ya 1947 na 1948 wakakataa kabisa. Tuta lenyewe lilikuwa jambo jema, ila shuruti iliharibu jina lake. Hakuna ajabu katika hilo. Mtu hawezi kulipenda jembe aliloshikishwa kwa nguvu.

Siku hizi kazi ile ile hufanywa kwa njia nyingine. Sheria ya Maji ya 2002 iliwapa wenyeji wa kila mto nafasi ya kuunda chama cha watumiaji maji, wakatunza chemchemi na kuamua magomvi yao wenyewe. Tena tangu 2015 uko mfuko wa maji wa Tana ya Juu na Nairobi, ambao huwasaidia wakulima wa bonde la Thika na Chania kuchimba matuta, kupanda majani ya nepia kando ya matuta hayo, na kutengeneza vidimbwi vya kukinga mvua. Mkulima hapati shukrani tupu. Nepia humlisha ng'ombe wake, na kidimbwi humwagilia mboga wakati wa kiangazi.

Hata hivyo nung'uniko lipo, nalo lina haki ya kusikilizwa. Watu wa Murang'a huuliza kwa nini maji yao yapelekwe mbali ilhali baadhi yao wangali wakichota mtoni. Swali hilo lilizidi ilipochimbwa njia ya chini ya ardhi, ya karibu kilomita 12, ya kuleta maji ya mito Maragua, Gikigie na Irati hata Ndakaini. Itakuwa vigumu kumwomba mtu alinde maji asiyoyanywa.

Wakazi wa Ruiru nao wana mito yao, na kanuni za maji ni zile zile: ukingo wa mto wa mita 6 hata 30 hauruhusiwi kulimwa wala kujengwa. Mikaratusi, kwa kuwa hunywa maji mengi, haifai kupandwa karibu na mto. Anayetaka kujiunga na chama cha mto wake aweza kuuliza kwa chifu, au katika ofisi ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji.