Bunduki ya koyote: Dabi isiyoisha ya .223 na .22-250

KAMA unadhani ubishi wa Simba na Yanga ndio mrefu kuliko wote duniani, basi hujakaa na wawindaji wa koyote wa Marekani. Hawa jamaa wanaweza kukesha wakibishania jambo moja tu: bunduki gani, na risasi ya ukubwa gani, inafaa kumwangusha mnyama mwenye uzito wa mbwa wa mtaani.

Usicheke. Ubishi huo una mantiki. Ukichagua vibaya, mnyama anaondoka na jeraha na kwenda kufia vichakani kwa mateso. Au risasi inampitiliza, inakwenda kutua kwenye zizi la mfugaji lililo nyuma ya kilima. Straika akipaisha penalti anasubiri mechi ya marudiano. Hapa hakuna marudiano.

Koyote ni nani hasa? Shabiki wa kikapu anamjua bila kujua kuwa anamjua. Yule kikaragosi mwenye macho makubwa ya kijani anayechekesha watu kwenye mechi za San Antonio Spurs tangu 1983 ni koyote. Timu ya hoki ya barafu ya Arizona nayo ilibeba jina lake hadi 2024, wachezaji walipohamishiwa Utah. Kwa sisi wa huku, mfikirie bweha wa Serengeti, kisha mwongeze kimo na manyoya. Wa magharibi mwa Marekani ana kilo 9 hadi 16 hivi. Wa mashariki ni mzito zaidi, kwa kuwa damu yake imechanganyika na ya mbwa mwitu wa kule (sio hawa wetu wenye mabaka).

Yupo katika majimbo 49, Hawaii tu ndio hajafika. Wafugaji wa kondoo hawataki hata kumsikia. Mwaka 2021, watumishi wa Wizara ya Kilimo ya Marekani peke yao waliua koyote zaidi ya 60,000. Na bado anazaliana, anatamba hadi katikati ya jiji la Chicago.

MTEGO WA KUOTEA

Uwindaji wenyewe uko kama mtego wa kuotea. Mwindaji anajificha kichakani, amevaa nguo za rangi ya majani makavu, anawasha spika yenye sauti ya sungura anayelia kwa maumivu. Koyote akisikia anakuja, ila haji kichwakichwa. Anazunguka hadi upande ambao upepo utamletea harufu. Akinusa binadamu, mchezo umeisha, hutamwona tena siku hiyo.

Ndiyo maana anaweza kuibuka mita 20 mbele ya viatu vyako, au akasimama mita 250 akichungulia. Wengi hupigwa ndani ya mita 200. Shika namba hiyo, maana ndiyo inayoamua karibu ubishi wote. Shika na nyingine: sehemu ya moyo na mapafu ya koyote, ambako risasi inatakiwa ifike, haizidi sana kisosi cha chai.

Sasa tuje kwenye dabi yenyewe. Upande mmoja kuna .223 Remington, iliyoingia sokoni kwa raia 1964. Ni ndugu wa 5.56, risasi ya bunduki ya jeshi ya M16, na kwa sababu viwanda vinaitengeneza kwa wingi, bei yake ni nafuu na inapatikana hadi duka la kijijini. Kichwa chake cha greini 55, yaani gramu tatu na nusu, kinatoka mtutuni kwa kasi ya karibu mita 990 kwa sekunde. Teke lake begani ni dogo, kiasi kwamba mpigaji anaendelea kumwona mnyama kwenye darubini baada ya kufyatua. Hilo sio jambo dogo, kwani koyote mara nyingi huja wawili.

Tahadhari moja hapo, maana watu huchanganya. Undugu wa .223 na 5.56 sio upacha. Bunduki iliyotengenezwa kwa ajili ya .223 pekee haitakiwi kulishwa risasi za 5.56, zina presha kubwa kuliko chemba yake inavyoruhusu.

Upande wa pili kuna .22-250, na hii historia yake mashabiki wa ndondo wataipenda. Haikuzaliwa kiwandani. Miaka ya 1930 mafundi wa Marekani, wakiwa kwenye karakana zao za nyumbani, walichukua ganda la risasi kubwa ya .250 Savage, wakalibana shingo ili libebe kichwa chembamba. Ikapiga vizuri ajabu. Ikachezwa mchangani hivyo hivyo kwa miaka 30 hivi, hadi Remington walipoisajili rasmi 1965 na kuanza kuiuza.

Kinachowachanganya wengi ni kwamba hizi mbili zinabeba kichwa cha kipenyo kile kile, inchi 0.224, milimita 5.7. Tofauti iko kwenye ganda. Ganda la .22-250 ni pana, linabeba baruti nyingi zaidi, kwa hiyo kichwa cha greini 55 kinatoka kwa karibu mita 1,120 kwa sekunde. Mafuta ni yale yale, ila tangi moja ni kubwa.

Hiyo kasi inanunua nini? Inanunua mstari ulionyooka. Risasi haishuki sana ikiwa njiani, na upepo haupati muda wa kuisukuma. Kwenye mbuga za wazi za Wyoming au Nevada, ambako upepo haulali, hilo lina maana. Upepo wa kilomita 16 kwa saa ukipiga kutoka ubavuni, risasi ya .223 ya greini 55 inahama sentimita 25 hivi ikifika mita 270. Rudi kwenye kile kisosi uone kama bado uko ndani yake. Na .22-250 nayo inahama, ila kidogo kuliko hapo.

Lakini kasi ina bili yake. Baruti nyingi inakula mtutu, risasi ni ghali, kwa hiyo mtu anafanya mazoezi machache. Na koyote akija karibu, mita 30 tu, kasi hiyo inaweza kumpasua vibaya na ngozi ikawa haifai kitu. Kwa mwindaji wa ngozi hilo ni pigo. Ingawa soko lenyewe limeyumba: Canada Goose, kampuni iliyokuwa ikiweka manyoya ya koyote kwenye kofia za makoti yake ya baridi, ilitangaza 2021 kwamba inaachana na manyoya.

Ukiniuliza mimi, anayeanza achukue .223 na asione haya. Ndani ya mita 200 inafanya kazi yote, na kile anachookoa kwenye bei akimalizie kwenye shabaha za karatasi. Mwenye .22-250 anayefyatua risasi kumi kwa mwaka ni kama winga mwenye mbio asiyejua kukrosi.

WENGINE WA BENCHI

Yupo .243 Winchester wa 1955, kiraka wa timu. Akibeba kichwa chepesi anapiga koyote, akibeba cha greini 100 anapiga swala wa kule. Mwenye uwezo wa kununua bunduki moja tu maishani mara nyingi huishia kwake, na kwenye upepo mkali anatulia kuliko wote hao. Ila teke lake linasikika, na tundu analoacha ni kubwa. Yupo pia .204 Ruger, kinda wa 2004, mwenye kichwa cha greini 32 kinachozidi mita 1,200 kwa sekunde. Wanaouza ngozi wanampenda. Ile .22 ndogo ya kupigia sungura iache nyumbani, hapa ni kumtesa mnyama bure.

Na kule mashariki, kwenye misitu ya Pennsylvania ambako huoni mbali, wengi hawahangaiki na haya yote. Wanabeba shotigani ya marisau na kumsubiri mita 30.

Kuna atakayeuliza, kwa nini wasichukue bunduki kubwa kabisa wamalize ubishi? Wawindaji wa nyati huku Tanzania hubeba .375, risasi iliyotengenezwa kwa mnyama wa kilo 600 na zaidi. Ukimpiga nayo koyote haitasimama mwilini mwake. Itapita na safari yake, na huko mbele hujui kuna nani. Uzuri wa vichwa vyepesi vya koyote ni kwamba vimetengenezwa vivunjike ndani ya mnyama, na hata vikigonga ardhi, mara nyingi husambaratika kuliko kuruka mbele.

Kitu ambacho muuza duka huwa hakisemi ni mistari iliyochongwa ndani ya mtutu, ile inayoizungusha risasi ili iende sawa. Bunduki nyingi za .22-250 zimechongwa mzunguko mmoja kwa kila inchi 14. Huo unatosha kwa greini 55. Ukiweka kichwa kizito cha greini 70, hakipati mzunguko wa kutosha, kinayumba hewani kama mpira ulioishiwa upepo. Bunduki za .223 za siku hizi nyingi zina mzunguko wa inchi 8 au 9, kwa hiyo zinakubali vizito. Kwa hiyo kabla hujanunua risasi, soma kilichoandikwa kwenye mtutu.

California wameongeza kikwazo kingine. Tangu Julai 1, 2019 ni marufuku kuwinda mnyama yeyote kwa risasi zenye risasi ndani yake, nazungumzia ile madini ya risasi, kwa sababu tai wakubwa wa huko walikuwa wakila mizoga na kufa kwa sumu. Wanatumia shaba. Na shaba ni nyepesi, kichwa cha uzito ule ule kinakuwa kirefu, kinataka mzunguko wa haraka zaidi. Unaona hesabu inavyobadilika?

KOMBE LENYE UTATA

Kwenye baadhi ya majimbo, kuua koyote kumefanywa mashindano: timu zinaingia porini wikiendi, jioni wanahesabu mizoga, aliyeleta mingi anapewa zawadi. California ilipiga marufuku zawadi hizo 2014, Vermont ikafuata 2018, New Mexico na Arizona 2019, New York ikapitisha sheria yake mwishoni mwa 2023. Mfugaji anayelinda kondoo wake namwelewa. Lundo la mizoga kwa ajili ya kikombe, hapana. Kwenye haraka ya kuongeza idadi ndipo watu wanapopiga mbali kuliko uwezo wao.

Ndipo pia wanapopiga wasichokitambua. Mashariki mwa North Carolina wanaishi mbwa mwitu wekundu, na walio huru porini ni makumi machache tu duniani kote. Ukimwona kwa mbali, hasa kijana wake, utaapa ni koyote. Kadhaa wameuawa kwa risasi. Kesi ikafika mahakamani, na mwaka 2014 uwindaji wa koyote usiku ukazuiwa katika wilaya tano wanakoishi. Wanaohifadhi wanyama hao wakaamua kuwavisha kola za rangi ya chungwa zinazong'aa, ili mwindaji wa .223 au .22-250, yoyote ile, aione kwenye darubini kabla hajagusa kifyatulio.