TASAF hulipa kila miezi miwili, njaa hupiga hodi kila siku

Mtaani ukisikia "hela ya TASAF", watu wanazungumzia ruzuku ya Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini. TASAF yenyewe ilianza mwaka 2000. Mpango huu ulikuja baadaye, lengo likiwa kaya isilale njaa na watoto wasiache shule.

Nani anaingia?

Majina hutajwa kwenye mkutano wa kijiji au mtaa. Kisha taarifa za kila kaya hukusanywa na kuchambuliwa, halafu orodha hurudi kwa wananchi waithibitishe. Kaya yenye watoto ina masharti: wadogo wapelekwe kliniki, wakubwa wahudhurie shule.

Umaskini wa chakula ni upi?

Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18 ulionyesha kuwa asilimia 26.4 ya watu Tanzania Bara hawakumudu mahitaji ya msingi. Asilimia 8 hawakumudu hata chakula peke yake. Kipimo kilikuwa Sh33,748 kwa mtu mzima kwa mwezi. Gawa kwa siku 30, unapata kama Sh1,125 kwa siku.

Tatizo liko wapi?

Kwenye kalenda. Ruzuku imepangwa kulipwa kila baada ya miezi miwili, lakini tumbo halingoji.

Chukua mfano wa bibi anayelea wajukuu watatu. Hela ikiingia, kwanza analipa deni la unga dukani. Inayobaki inanunua unga mwingine. Ikiisha, anakopa tena. Malipo yakichelewa, mwenye duka naye anagoma kukopesha.

Kibaya zaidi ni kipindi cha hari, pale akiba ya ndani imeisha na mahindi shambani hayajakomaa. Bei inapanda, hivyo ruzuku ileile inanunua unga kidogo.

Serikali inafanya nini?

Mpango una ajira za muda: kaya zenye watu wenye nguvu hulipwa kwa kazi kama kuchimba malambo na kutengeneza barabara, hadi siku 60 kwa mwaka, hasa kipindi hicho cha hari. Vipo pia vikundi vya kuweka akiba. Awamu ya pili, iliyozinduliwa Februari 2020, ilitilia mkazo kazi.

Ila bibi yetu hawezi kushika jembe. Kwake yeye, ruzuku ndiyo kila kitu. Ikifika kwa wakati, na ikiendana na bei ya unga, wajukuu wanakula. Ikichelewa, wanalala na uji mwepesi.